Shajara ya mradi: kidonge cha aspirini kwa njia kavu, Lubumbashi

12 Agosti 2024: Mashini imefika

Imeingia chumbani leo saa nne asubuhi, watu sita wakiibeba kwa nondo mbili. Imetoka Dar es Salaam kwa lori, ikapita Tunduma, ikakatiza Zambia, halafu ikalala Kasumbalesa, mpakani, siku 11. Kosa lilikuwa letu. Kwenye karatasi ya ununuzi tuliandika "mashini ya dawa", basi kila aliyeisoma akauliza dawa ziko wapi. Ukitaka kufuata njia hii andika "mashini ya kukandamizia unga, iliyotumika, tupu", weka uzito wake, bandika na picha. Bei dola 1,450. Usafiri na ushuru dola 410.

Ni mashini ya pwenso moja, nguvu tani 5, yenye mota na gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Pwenso ni nondo fupi inayoshuka kukandamiza. Wenzetu wa Dar huiita punchi. Inashukia ndani ya matrisi, tundu la chuma ambalo upana wake ndio upana wa kidonge. Pwenso ya chini inaziba tundu kwa chini, na kina inachoacha ndicho kinachoamua uzito wa kidonge. Mashini haipimi gramu, inapima nafasi iliyojaa. Shikeni hilo, maana nusu ya shida za shajara hii zinatoka hapo.

Kazi yenyewe ni ya darasa: wanafunzi wa famasia waone kwa macho kidonge cha aspirini cha miligramu 300 kinavyotengenezwa bila tone la maji. Njia iliyozoeleka ni kulowesha unga kwa gundi, kuupitisha kwenye chekeche, kisha kuukausha kwa joto. Kwa dawa nyingi haina ubaya. Aspirini lakini ikikutana na maji inavunjika kuwa asidi ya salisili na asidi ya siki, na joto linaiharakisha. Kwa hiyo kuna njia kavu: unakandamiza unga mara ya kwanza upate mabonge makubwa, unayavunja kuwa chenga, kama zile za mchele, halafu chenga ndizo unazokandamiza kuwa vidonge.

Fomula ya kuanzia, kwa kidonge cha miligramu 400: aspirini 300, selulosi laini ya vidonge 60, wanga wa mahindi 36, stearati ya magnesiamu 4 ya kulainisha. Kila jaribio ni gramu 500, yaani vidonge 1,250 kama hakuna kinachopotea. Daima kuna kinachopotea.

Mambo mawili kabla ya yote. Hakuna kidonge kinachotoka chumbani wala kinachomezwa. Tunapima, tunaandika, tunaharibu. Anayetaka kuuza dawa njia yake inapita ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, si hapa. Pili, mwenye pumu haingii siku ya kukandamiza, kwa sababu wapo ambao aspirini huwaamshia pumu, na vumbi lake linaelea.

27 Agosti: Unga mtupu umetushinda

Wanafunzi waliuliza swali la haki: kwa nini tukandamize mara mbili? Tuumimine unga ulivyo. Tukaumimina.

Kwenye faneli unga ulijenga daraja. Juu umejaa, chini pametoboka shimo kama la panya, na kiatu cha kulishia, kile kisanduku cha kuingizia unga, kinakwenda na kurudi juu ya matrisi bila kuangusha kitu. Ukigonga faneli unaanguka wote kwa pamoja. Tulipima vidonge 20 kimoja kimoja: wastani miligramu 392, chepesi kuliko vyote 341, kizito 436. Farmakopea ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, kwa kidonge cha miligramu 250 na kwenda juu, inataka visizidi viwili kati ya 20 vilivyo nje ya asilimia 5 ya wastani, na kisiwepo hata kimoja nje ya asilimia 10. Sisi tulikuwa na tisa nje ya 5, na viwili nje ya 10.

Kipimo cha bei nafuu kingetuambia mapema. Gramu 100 za mchanganyiko kwenye silinda ya kupimia zilisimama mililita 238. Tukaigongagonga mezani hadi haikushuka tena: 160. Tofauti ukiigawa kwa 238 unapata asilimia 32.8, hiyo ndiyo fahirisi ya Carr. Chini ya 16 unga unamiminika vizuri, 16 hadi 20 inavumilika, ukipita 31 usijisumbue kuulisha mashini.

Jingine la msimu. Kiangazi chetu ni kikavu mno, kipimo cha unyevu ukutani kinasoma asilimia 34, na unga unajishika kwenye mifuko ya plastiki kama nywele kwenye kitana. Tumehamia mabakuli ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, na mashini tumeifunga waya wa ardhini. Dakika kumi za kazi, tatizo kwisha.

9 Septemba: Mabonge mazuri kwa macho

Papa Fundi, mchonga vyuma wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, aliyezeekea karakana za migodi, ametuchongea pwenso na matrisi ya milimita 20, chuma na kazi dola 95. Amefanya kazi safi. Ukiitumbukiza pwenso ndani ya matrisi inashuka polepole kwa uzito wake, ikipumua.

Kosa la wiki hii ni la kwangu na lake sawasawa. Kwa mtu wa chuma, kitu kizuri ni kigumu. Bonge la kwanza lilipotoka akaligonga kwenye meza, likalia kama sahani. "Hii sasa ni kazi, mwanangu." Nami nikafurahi naye. Tukapiga mabonge yote 380 hivyohivyo, ya gramu 1.3, unene milimita 3.3, yanang'aa.

Kuyavunja ilikuwa adhabu. Kinu cha kaure kiliyageuza kuwa vipande vyenye makali na vumbi jingi. Chenga zilizopatikana zilimiminika kama mchanga wa mto, tukadhani tumefika. Halafu tukazikandamiza mara ya pili na vidonge vikatoka vimechoka: vinavunjika ukivishika, vingine vinavua kofia, yaani tabaka la juu linabanduka zima kama kifuniko cha chupa. Tukaongeza nguvu. Kofia zikaongezeka.

Usiku nikarudi vitabuni nikakuta niliyokuwa nimeyafundisha mwenyewe darasani. Chembe ya unga inashikamana na jirani yake kwa kubonyea na kuvunjika, na kila chembe ina uwezo wa kubonyea wenye mwisho. Ukiutumia wote kwenye bonge, kidonge hakina cha kushikia. Bonge si bidhaa. Ni hatua ya kupitia tu, nasi tulikuwa tumelipamba kama bibi harusi.

Gramu 500 zimetupwa.

21 Septemba: Kupima kwa rula badala ya sikio

Hatuna kipimo cha nguvu kwenye mashini, na ninajua wengi mtakaofuata hamtakuwa nacho. Tumetumia njia hii. Unajua uzito wa bonge, unajua upana wake, unapima unene kwa kalipa, rula yenye taya. Unapata msongamano wake. Ugawe kwa msongamano wa unga wenyewe bila hewa, ambao kwa mchanganyiko wetu ni karibu gramu 1.43 kwa sentimita ya ujazo (aspirini ni 1.40, selulosi na wanga ziko juu kidogo). Jibu linakuambia ni sehemu gani ya bonge ni kitu na ipi ni hewa.

Yale mabonge ya kulia kama sahani: unene 3.3, jibu 0.88. Tumejaribu unene wa 5.0, jibu 0.58, yakawa yanabomoka njiani kwenda kwenye bakuli, na zaidi ya nusu ikarudi kuwa vumbi. Kwenye 4.1 jibu ni 0.71, na hapo ndipo tumekaa. Wenye mashini za roli mbili, zile zinazobana unga kuwa utepe, nao hulenga kati ya 0.6 na 0.8, kwa hiyo hatujabuni kitu.

Bonge zuri sasa tunalijua hata bila kalipa. Ukilishika kwa vidole viwili na kulikunja linakatika bila sauti, mkato wake ni mkavu na wenye chembechembe kama biskuti, na kidoleni linaacha unga mwembamba. Papa Fundi alilikunja moja, akanitazama kwa huruma. "Hii? Hata mtoto anaivunja." Ndiyo, Papa. Ndiyo tunayoitaka.

Kinu tumekiacha. Mabonge tunayasugua juu ya chekeche la milimita 1.6 kwa kipande cha mpira, kisha la milimita 1. Kinachopita la milimita 0.25 ni vumbi. Tunalirudisha kwenye mabonge mara moja tu. Mara ya pili halirudi, kwa sababu ileile ya uchovu. Chekeche la milimita 1 lilikuwa halipo mjini tulipolitaka, nikanunua wavu wa waya soko la Kenya, Kenya ya hapa Lubumbashi si ile nchi, kwa dola 8. Ulikuwa unang'aa.

16 Oktoba: Umeme umekatika, kofia zimekwisha

Chenga sasa zinamiminika: gramu 100, mililita 182, baada ya kugongwa 150. Asilimia 17.6. Uzito wa vidonge umetulia. Ila kofia zimebaki, si nyingi, viwili vitatu katika kila hamsini, nazo zinatosha kuangusha kipimo cha kusuguana.

Kipimo hicho ni rahisi kukijenga. Ngoma ya plastiki angavu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 287, ubao mmoja uliopinda ndani wa kuvinyanyua vidonge na kuviangusha, mizunguko 25 kwa dakika kwa dakika nne. Kwa kidonge kidogo kama chetu unachukua idadi inayokaribia gramu 6.5, sisi ni vidonge 16. Visipoteze zaidi ya asilimia 1, na kisipasuke hata kimoja. Vyetu viliingia gramu 6.42 vikatoka 6.29, yaani asilimia 2, na viwili vimevuliwa kofia.

Nilibadili wanga, nikabadili nguvu, nikapoteza siku tisa. Dawa ilikuja yenyewe. Alhamisi iliyopita umeme ulikatika katikati ya kazi, faneli imejaa. Badala ya kungoja, wanafunzi wawili wakashika gurudumu wakaendelea kwa mkono, wakipokezana na kuhesabu kwa sauti. Vidonge hivyo niliviweka kando kwa dharau. Jioni tukavizungusha kwenye ngoma: hakuna kofia hata moja.

Ukifikiri ni jambo la wazi. Unga una hewa ndani. Pwenso ikishuka kwa kasi ya mota, vidonge 60 kwa dakika, hewa inafungiwa, na kidonge kinapoachiliwa inasukuma kutoka chini ya kofia. Mkono ulikuwa unafanya kama 20. Tumebadilisha puli ya mota, sasa ni 28 kwa dakika, na vumbi chini ya milimita 0.25 haliruhusiwi kuzidi sehemu ya tano ya chenga. Asilimia 0.6 kwenye ngoma.

Tukanunua soda. Katikati ya Oktoba, kiangazi bado hakijakatika, tulidhani mradi umekwisha.

19 Novemba: Harufu

Mvua zimeanza. Kipimo cha ukutani asubuhi ya leo kimesoma 73.

Mama wa stoo ndiye aliyegundua. Alifungua chupa ya vidonge vya Oktoba ahesabu, akarudisha kichwa nyuma. "Docta, nani amemwaga siki humu?" Hakuna aliyemwaga. Nikaweka pua: harufu ya achari, kali, inapanda hadi machoni. Nikavimimina kwenye karatasi nyeupe. Karibu kimoja katika kila kumi kilikuwa na alama ndogo za rangi ya waridi inayoelekea zambarau, kama ncha ya kalamu iliyoguswa na maji.

Nilikaa na lenzi saa nzima. Katikati ya kila doa kulikuwa na kitu cheusi chembamba. Nikakwangua kimoja, nikapitisha sumaku chini ya karatasi. Kilitembea.

Ni ule wavu wa dola 8. Ulikuwa waya wa chuma uliopakwa zinki, na kusugua mabonge kulikuwa kunaukwangua kidogo kidogo. Chuma kikashika kutu, aspirini nayo ikaachia asidi ya salisili, na chuma chenye kutu kikikutana na asidi hiyo hutoa rangi ya zambarau. Ndicho kipimo kilekile tunachowafundisha wanafunzi kwenye neli ya kioo, ila safari hii vidonge vilijipima vyenyewe. Nakubali, nilitamani kukasirika na mwenye duka. Lakini nani alimwambia ni wa dawa?

Tumenunua machekeche mawili ya inoksi, dola 64. Madoa yamepata maelezo. Harufu bado, kwa sababu chuma hakikuivunja aspirini yote ile. Kilionyesha tu kwamba inavunjika.

7 Desemba: Vijiko viwili vya chai

Wiki nzima hatujatengeneza kidonge. Tumetafuta maji.

Tulianza na wanga. Gramu 10 ndani ya oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito uliposimama: zimebaki 8.79. Asilimia 12.1 ya wanga wetu "mkavu" ilikuwa maji. Selulosi, asilimia 4.6. Sasa fanya hesabu ya jaribio la gramu 500: wanga gramu 45 umeleta maji gramu 5.4, selulosi gramu 75 imeleta 3.5. Karibu gramu 9, vijiko viwili vya chai. Tangu Agosti nilikuwa nasimama mbele ya darasa nikitamba kwamba hatutii hata tone, na kila mara nilikuwa natia vijiko viwili kwa mkono wangu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama unga wa bukari, yaani ugali, ungekuwa nafuu kuliko wanga huu. Nao una maji yake, na juu yake una mafuta na protini. Hapana.

Kukausha wanga si kazi ngumu, saa tano kwenye oveni, ukiwa na umeme wa saa tano. Mara ya kwanza ulikatika saa ya pili. Papa Fundi akapendekeza mbabula, jiko la mkaa: makala yapo, sinia ipo. Nimekataa kwa sababu ya moshi na majivu, lakini nimekubali kwamba ni mtu pekee aliyekuwa na jibu. Sasa tunakausha usiku, saa ambazo mtaani kwetu umeme unatulia. Unafikia asilimia 3. Ukishatoka, unaingia ukiwa moto kwenye mtungi wa kioo wenye silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, chini na kufungwa. Ukiuacha wazi kwenye hewa ya Desemba unayanywa tena maji mchana huohuo, tumepima.

Mshukiwa wa pili ulikuwa stearati ya magnesiamu. Inalainisha kuliko vyote na kila mtu anaitumia, ndiyo maana sikuifikiria. Lakini ina tabia ya besi, kinyume cha asidi, na aspirini haiipendi besi. Ikiwepo unyevu kidogo, stearati inaharakisha kuvunjika kwake. Ipo katika vitabu. Niliisoma nikiwa mwanafunzi nikaijibu kwenye mtihani.

Ili tusikisie, tumetengeneza michanganyiko minne: wanga mbichi na mkavu, kila mmoja na stearati, na kila mmoja na kilainishi kipya, asidi ya steariki na talki. Tumegawa kila mmoja mara mbili, nusu kwenye chupa iliyofungwa, nusu kwenye sahani wazi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndoo ina bakuli la chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi haiyeyuki tena: hewa juu ya maji hayo hukaa karibu unyevu wa asilimia 75 bila mtambo wowote. Vyote ndani ya oveni kwa nyuzi 40. Umeme ukikatika tunaandika saa, na kipindi kinasogezwa.

Asidi ya steariki haikupatikana rahisi. Ipo ya kutengenezea mishumaa, Papa akaniletea kipande kwa moyo mweupe, nami nikakirudisha kwa shukrani. Ya daraja la dawa imekuja kupitia Ndola, Zambia, na basi.

23 Desemba: Neli nane

Siku 14 za oveni zimetimia. Kila sampuli tumeisaga, tumeiyeyusha kwenye alkoholi, tumeichuja, matone matatu ya kloridi ya chuma, ile inayogeuka zambarau ikikuta asidi ya salisili. Pembeni tumesimamisha neli ya kulinganishia yenye asidi ya salisili asilimia 0.3 ya aspirini, kiwango ambacho farmakopea ya Marekani inaruhusu kwa kidonge kisichofunikwa.

Za ndoo ya chumvi zilizokuwa na stearati ziligeuka wino, wanga mbichi au mkavu hakuna tofauti, maana hewa ile ililowesha zote. Zenye talki na asidi ya steariki zilibaki waridi hafifu. Kwenye chupa zilizofungwa ndipo wanga ulipojionyesha: wenye wanga mbichi ulipita neli ya kulinganishia hata bila stearati, kidogo lakini ulipita. Wanga mkavu na kilainishi kipya ndio pekee uliobaki chini yake.

Kwa hiyo ni wote wawili. Ningependa mkosaji awe mmoja.

22 Januari 2025: Jaribio la 11

Fomula sasa, kwa miligramu 400: aspirini 300, selulosi iliyokaushwa 60, wanga mkavu 24, talki 12, asidi ya steariki 4. Nusu ya wanga inaingia kabla ya mabonge, nusu baada ya chenga, ili kidonge kipasuke nje kwanza kisha chenga zipasuke ndani. Kilainishi nacho hivyohivyo, na kile cha mwisho kinachanganywa dakika tatu, kwa saa. Oktoba niliwahi kukisahau dakika 25 na vidonge vikakaa majini dakika 21. Kilainishi kilikuwa kimeivika kila chenga koti la mafuta.

Talki na asidi hazilainishi kama stearati. Jumatatu unga uliganda kwenye uso wa pwenso na kila kidonge kikatoka na kidimbwi kilekile mahali palepale. Papa Fundi aliing'arisha pwenso kwa kitambaa cha manyoya na chaki, nusu siku, hadi nikajiona ndani yake. Kuganda kumekwisha. Inabidi irudiwe kila vidonge elfu tano hivi.

Matokeo. Uzito wa vidonge 20: wastani 401, kati ya 389 na 411. Ngoma: 6.41 ikawa 6.38, asilimia 0.5. Kupasuka ndani ya maji ya nyuzi 37: cha mwisho dakika 2 na sekunde 40, kiwango ni 15. Chupa zilizofungwa na kifuko cha silika, wiki nne kwenye oveni, ziko chini ya neli ya kulinganishia, na Mama wa stoo amezinusa zote mbele yangu, moja baada ya nyingine, bila kurudisha kichwa. Tunafanya kazi tu siku unyevu ukiwa chini ya 60, na msimu huu maana yake ni kwamba siku nyingi hatufanyi.

Gharama hadi leo, dola: mashini 1,450, usafiri na ushuru 410, pwenso na matrisi za Papa Fundi 95, mizani 130, machekeche ya inoksi 64, wavu wa kutupwa 8, aspirini (kilo 10) 140, selulosi 60, wanga na talki na asidi 48, silika na mitungi 27. Jumla 2,432. Ujira wa Papa Fundi wa siku ya kung'arisha haumo. Amesema tumlipe kidonge kikipata ruhusa.

Kuna aliyeuliza kwa nini hatununui mashini ya roli na kuachana na mabonge. Kwa kiwanda ana haki: roli mbili zinazungukiana, skrubu inasukuma unga katikati, utepe unatoka bila kukoma na unavunjwa hapohapo, na unaweza kuongoza nguvu, nafasi kati ya roli na kasi kila moja peke yake. Sisi tuna gramu 500 na darasa la watu 14. Unga unaohitajika kuijaza skrubu tu ndio unga wetu wa mwezi.

Lililobaki ni chumba. Papa anapima mlango wa kabati la kioo litakaloifunika mashini yote, na silika kilo 5 chini yake. Ameandika milimita 870 kwa 1,240 ukutani kwa chaki, na hajaniambia bei.